Mikono Juu

Jumatatu, mvua za kwanza zimeshalowesha Urambo,
benchi la kliniki limejaa kanga
na mwenye suruali ni mimi peke yangu.
Nyanzala kifuani, moto kama figa,
kadi yake ndani ya mfuko wa sukari.
Kina mama wamesogea, wamenipa nafasi ya mtu na nusu.
Mmoja akauliza, "Mwenzio kasafiri?"
Nikasema yuko nyumbani, mimba ya miezi saba imemlaza.
Akanyamaza, kisha akamfunika mwanangu mguu.

Muuguzi Pelagia hana salamu ndefu.
Anaanza na ndoo:
maji ya kisima chetu, rangi ya chai ya maziwa.
"Nani atakunywa haya?"
Kimya.
"Na jana usiku mlikunywa nini?"
Tukacheka kwa kutazama chini.
Yachemke, anasema, si yale ya vuguvugu ya kumnawisha mgeni,
yachemke mpaka mfuniko ugombe,
na ukishagomba, uuache ugombe kidogo.

Mtoto chini ya miezi sita ni ziwa tu,
hata bibi mzaa baba akija na kijiko chake.
Baada ya hapo uji, lakini uji,
siyo maji yaliyouona unga kwa mbali:
utie karanga zilizotwangwa, utie yai.
"Mayai mnayapeleka gulioni yanarudi soda.
Nani hapa alinenepeshwa na soda?"
Asali yetu tamu, ya miyombo, inayotafutwa hadi mjini,
asilambishwe ambaye hajatimiza mwaka,
hata kama mzinga ni wa babu yake.

Bibi mmoja, kaja kumsindikiza mkwewe tu,
akafungwa mkono, mashine ikavuta pumzi, ikashusha.
Pelagia akasoma namba mara mbili.
"Bibi, chumvi unaionjea wapi?"
"Kiganjani."
"Kuanzia leo kiganja kiwe kidogo. Na usiondoke, daktari akuone."

Ndipo akasema: mikono juu, wenye chandarua nyumbani.
Msitu wa mikono. Na wangu umo.
"Mikono juu, waliolala ndani yake jana."

Mkono wangu ulishuka polepole,
kama unashusha kitu cha watu.

Maana mwezi wa tisa nilikitoa kitandani mwenyewe,
nikakitandaza juu ya kitalu kule kwenye mbuga,
wadudu wasiile miche ya tumbaku.
Miche ishirini elfu ililala salama.
Hakuna hata mmoja uliopata homa.

Hakunitazama. Labda alinitazama.
Alikichoma kidole cha Nyanzala, tone likanyonywa,
mistari ikawa miwili.
Dawa ya mseto, na chakula, asubuhi na jioni, siku tatu,
"hata akianza kucheka siku ya pili, baba, usikatishe.
Akishindwa kunyonya, akishtuka mwili mzima,
usingoje kuche. Mlete hata usiku wa manane."
Nikamwambia, bila kuulizwa, kilipo chandarua.
Akaandika kitu kwenye kadi, mwandiko mdogo,
kisha akasema: "Kifue taratibu. Kianike kivulini,
jua linaiua dawa yake. Na mkeo mjamzito alale humo humo.
Kikiwa kimechakaa, rudi, nitakutafutia kingine."
Basi. Hakuongeza.

Jioni nilikitoa juu ya kitalu.
Miche iliyobaki ilisimama wazi, mibichi, haina neno.
Nikahesabu matundu: kumi na moja, moja la kupitisha kuku.
Nikayashona kwa uzi wa gunia la chama,
mama Nyanzala akinitazama toka mkekani, hasemi.
Kilipokauka nikakining'iniza. Kinanuka udongo na majani.

"Na tumbaku?" akauliza gizani.
Nikachomeka pindo chini ya godoro, upande wake,
kisha upande wa mtoto,
kisha nikatafuta cha kumjibu
mpaka nikasikia wote wawili wamelala.
Nje ya wavu mbu mmoja anaimba, ana njaa,
na mimi mguu wangu bado uko nje.
Nikauvuta ndani.